Git Haitoshi, Acheni Kutudanganya

Leo sina habari za bumu wala za foleni ya kantini. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni kauli ninayoisikia kila msimu wa projekti za vikundi: "Git inatosha bwana, traka ni urasimu wa makampuni." Wanaosema hivyo ni wenzetu wa kompyuta, tena wale wakali. Mimi ni mwalimu mtarajiwa, lakini kwa hili sinyamazi, maana linanihusu kuliko wanavyodhani.

Tuanze na Git. Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005, baada ya watu wa Linux kunyang'anywa ruhusa ya kutumia BitKeeper bure. Kazi yake ni kutunza historia ya msimbo. Kila badiliko unalolihifadhi, yaani komiti, linabaki na jina lako, tarehe na ujumbe. Ukitumia amri ya git blame unaonyeshwa kila mstari uliguswa mara ya mwisho na nani, kwenye komiti ipi. Safi kabisa. Sasa iulize Git: kwa nini mstari huu uliguswa? Nani alilalamika? Njia gani nyingine ilijaribiwa ikakataliwa? Kasoro ipi bado haijafanyiwa kazi? Itakujibu kwa ule ujumbe mlioandika saa nane za usiku: "nimerekebisha". Umerekebisha nini, ndugu yangu?

Hapo ndipo traka inapoingia. Traka ni daftari la kazi na kasoro. Kila jambo lina tiketi yenye namba, maelezo, mjadala, jina la aliyekabidhiwa, na hali yake: mpya, inashughulikiwa, imefungwa. Bugzilla ya Mozilla ipo tangu 1998, Git haijazaliwa. Na ujanja wote uko kwenye ile namba, maana unaiandika ndani ya ujumbe wa komiti. Kwenye GitHub ukiandika "Fixes #12" na komiti ikafika kwenye tawi kuu, tiketi namba 12 inajifunga yenyewe. Ukiwa kwenye tiketi unaiona komiti, ukiwa kwenye komiti unaifikia tiketi. Git inakwambia nini kimebadilika. Traka inakwambia kwa nini, na nini bado.

Tuchukue Moodle, ile programu ambayo vyuo vingi huwekea notsi na kupokelea kazi za wanafunzi. Toleo la 1.0 la Martin Dougiamas lilitoka Agosti 2002. Fungua historia yake ya Git uone: ujumbe wa komiti huanza na herufi MDL na namba. Namba hiyo ni ya traka. Ifuate, utakuta aliyeripoti, hatua za kuifanya kasoro ijitokeze, aliyekagua alisema nini, na maelekezo ya kujaribu kama imepona. Badiliko halipokelewi hivi hivi. Linakaguliwa na mwenzako, kisha na timu ya kuunganisha, kisha linajaribiwa. Kumbukeni programu hii inashika alama za watu! Siku mtu akibadili namna ya kukokotoa wastani, mngependa sababu iwe imeandikwa wapi? Kichwani kwa jamaa aliyeshahitimu akaondoka? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa hoja yangu kubwa. Ni wangapi wanaoweza kutuma komiti? Wachache. Mwalimu aliyeona alama zinatokea vibaya kwenye simu hajui tawi ni nini, wala hahitaji kujua. Ila anaweza kufungua tiketi akaeleza: nilibonyeza hapa, nilitegemea hiki, nikaona kile. Hiyo ni kazi ya akili, na bila hiyo hao wakali wangekuwa wanarekebisha gizani. Traka ndio mlango wake. Ukisema Git inatosha, umesema anayestahili kusikilizwa ni anayeandika msimbo tu. Hayo ni majivuno, usiyaite uhandisi.

Najua mtajibu nini. Mtasema traka hugeuka makaburi ya tiketi. Kweli, lakini dawa ya daftari chafu ni kulisafisha, sio kulichoma. Mtasema tena kwamba ukinakili ghala la Git unapata msimbo na historia yake, ila tiketi zinabaki kwa mwenye seva. Hapo mna hoja, nakubali. Google Code ilipofungwa Januari 2016, mwenye nakala ya ghala alikuwa na msimbo wake mkononi, lakini tiketi ilibidi zihamishwe kivyake. Ndio maana wapo waliotafuta njia nyingine: Fossil ya D. Richard Hipp, yule wa SQLite, inaweka tiketi humo humo kwenye ghala. Kwa sisi wa Git jibu ni kuandika namba ya tiketi pamoja na sababu yenyewe, hata sentensi mbili, ndani ya komiti. Seva ikifa, sababu inabaki.

Kwa hiyo projekti ijayo: tiketi kwanza, halafu tawi, halafu komiti yenye namba. Na yule mtu wa Education kwenye kundi lenu mpeni akaunti ya traka kabla hamjampa kazi ya kuchapa ripoti.

Anayebisha aje na hoja. Nawakilisha.