Chombo Kionekane, Mwito Uitikiwe

Bahari haina ua, wala haina mlango wa kubishiwa hodi. Mtu akiingia usiku katika shamba la mwenzake, asubuhi nyayo zake huonekana. Lakini meli ikiingia usiku katika maji ya nchi, ikavua na kuondoka, alfajiri haikuti ila mawimbi. Ndiyo maana sharti la kuzitaka meli kubwa za uvuvi zifungwe mtambo wa elektroniki wa kuzifuatilia, pamoja na vyombo vya mawasiliano, si urembo wa wataalamu wala si usumbufu wa watawala. Ni ulinzi wa mali ya umma, nasi tunaliunga mkono pasipo kusita. Hata hivyo, twasema pia kwamba Serikali inayodai kuviona vyombo vyote baharini inajitwika wajibu wake yenyewe: chombo kikiita, lazima kiitikiwe.

Huenda msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia akauliza: sisi wa Mzinga, tulioko chini ya Milima ya Uluguru, bahari inatuhusu nini? Maji ya Mto Mzinga huingia katika Bwawa la Mindu, huteremka kwa Ngerengere hadi Ruvu, na Ruvu huyamwaga katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Lakini liko jibu kubwa kuliko hilo. Uvuvi wa bahari kuu husimamiwa kwa pamoja na Serikali zetu mbili. Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1998, sheria hiyo ikarekebishwa mwaka 2007, na mwaka 2020 ikatungwa sheria mpya. Makao makuu ya Mamlaka hiyo yapo Zanzibar. Kwa hiyo mkulima wa Matombo na mvuvi wa Kojani ni washirika katika mali moja. Jodari akiibwa maili 150 mashariki ya Unguja, wote wawili wameibiwa.

Na wizi huo si hadithi ya kubuni. Mwezi Machi 2009 meli ya kigeni iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa katika maji yetu ya kiuchumi ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Waziri aliyehusika na uvuvi wakati huo alikuwa ndugu John Magufuli, na wananchi wakawapa samaki hao jina lake. Wengi wanalikumbuka jina hilo, lakini ni wachache wanaokumbuka jinsi meli yenyewe ilivyopatikana. Ilikamatwa katika doria ya pamoja ya nchi za ukanda huu, iliyotumia meli ya ulinzi ya Afrika Kusini, Sarah Baartman. Maana yake ni kwamba mwizi alikutwa kwa kuwa siku ile mlinzi alipita. Siku ambazo mlinzi hakupita, ni nani aliyehesabu tani zilizochukuliwa?

Tuangalie ukubwa wa mali inayolindwa. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, na kwa sheria yetu wenyewe ya mwaka 1989, haki yetu ya kiuchumi hufika maili 200 za baharini kutoka pwani, yaani kama kilomita 370. Eneo hilo linazidi kilomita za mraba 200,000, kiasi cha mara tatu ya Mkoa mzima wa Morogoro. Hakuna nchi maskini inayoweza kuweka meli ya doria kila pembe ya eneo kama hilo, na mafuta ya meli hizo ni ghali. Hapo ndipo mtambo wa kufuatilia unapokuwa askari wa bei nafuu. Hufungwa juu ya meli, hupokea mahali ilipo kutoka satelaiti, kisha kila baada ya muda uliowekwa hupeleka habari hiyo kwenye kituo cha Serikali nchi kavu. Afisa aliye kituoni huona meli iko wapi, inaelekea wapi na kwa mwendo gani. Na mwendo wa meli inayosafiri si sawa na mwendo wa meli inayotega mishipi au kuzungusha nyavu.

Sharti hili hatukulibuni peke yetu ili kuwakomoa wageni. Tanzania ni mwanachama wa Kamisheni ya Samaki Jodari ya Bahari ya Hindi tangu mwaka 2007. Kwa azimio la kamisheni hiyo la mwaka 2015, vyombo vinavyovua jodari na jamii zake, vyenye urefu wa mita 24 au zaidi, vinatakiwa viwe na mtambo wa namna hiyo; hata vilivyo vifupi kuliko hapo vinatakiwa kuwa nao vikivua nje ya maji ya nchi zao. Mwenye meli anayelalamika kwamba anaonewa Tanzania, na alalamike katika bahari nzima.

Lakini mtambo huzimika, na pengine huzimwa. Huu ndio mlango ambao wanyonyaji wa baharini huupenda. Nahodha ataeleza kuwa umeme ulikatika, au waya uliliwa na chumvi, na saa sita za kimya zitapita karibu na mpaka wetu bila ya mtu kujua kilichotendeka. Muuza duka akikutwa amefunika mizani yake kwa kitambaa, mkaguzi hangoji athibitishe robo iliyopunjwa ndipo amuulize. Vivyo hivyo, kimya cha meli kihesabiwe kuwa ni kosa lenyewe, mpaka nahodha atoe sababu. Leseni isitolewe kabla mtambo haujapimwa na mkaguzi wetu. Mtambo ukiharibika kweli, nahodha atangaze kwa redio mahali alipo saa kwa saa na aelekee bandarini. Na samaki wasioweza kuelezwa walivuliwa wapi wasipewe hati ya kuuzwa.

Tunawakumbusha maofisa, kwa heshima, kwamba mtambo hauchukui nafasi ya bidii ya kazi. Katika kesi ile ile ya Tawariq 1, Mahakama Kuu iliwatia hatiani washitakiwa wawili mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu kwa kasoro ya taratibu za mashitaka. Samaki walikuwapo, meli ilikuwapo, lakini utaratibu ulikuwa na ufa. Kituo cha kufuatilia meli kitakusanya ushahidi mwingi usiku na mchana. Ushahidi huo ukikaa katika makabati kwa kukosa saini, tutakuwa tumenunua macho na kusahau mikono.

Sasa tuwageukie wavuvi wetu wenyewe. Kwa miaka hii Serikali zote mbili zimekuwa zikihimiza uvuvi wa mbali, na boti za faiba zenye mashine zimegawiwa au kukopeshwa kwa vikundi vya wavuvi, Bara na Visiwani. Siasa hiyo ni njema, maana nchi inayojitegemea haiwezi kuwaachia wageni jodari na nduaro wake huku vijana wake wakigombania changu wa miambani. Lakini boti inayokwenda mbali huingia pia katika masharti ya mbali, na hapo hofu huzuka madikoni. Wako wanaonong'ona kwamba mtambo ni jicho la mtoza ushuru. Wako wanaohofu kuwa mwamba alioonyeshwa mtu na baba yake, naye akauficha maisha yake yote, utajulikana na kila mwenye kiti ofisini.

Hofu hiyo haifai kubezwa. Siri ya mwamba ndiyo akiba ya mvuvi, kama mbegu zilivyo akiba ya mkulima. Itafaa ielezwe wazi kwamba iko mitambo ya namna mbili. Uko ule unaotangaza jina na mahali pa chombo kwa kila anayesikiliza, ambao kazi yake ya kwanza ni kuzuia meli zisigongane. Na uko ule unaozungumza na kituo cha Serikali peke yake. Habari ya mtambo huu wa pili ni amana. Tulipokuwa vijana chuoni tulifunzwa kwamba aliyewekewa amana hakupewa mali, amepewa mzigo. Afisa atakayeuza siri ya mvuvi kwa mwenye mtaji aadhibiwe kama mwizi wa mali ya umma, na adhabu hiyo itangazwe madikoni ili watu wajenge imani.

Tena haki haitaki kipimo kimoja kwa ngalawa na kwa meli ya mita 50. Meli ya kibepari inayobeba mamia ya tani hulipa bei ya mtambo kwa samaki wa siku moja. Kikundi cha wavuvi wanane wa Mkokotoni kitailipa kwa msimu mzima. Tunapendekeza kwamba boti za ushirika zinazokwenda mbali zifungiwe mtambo na redio pamoja na mkopo wa boti yenyewe, kama vile boti isivyotolewa bila usukani. Na chombo kidogo kinachovua karibu kisilazimishwe mtambo wa satelaiti; kwake cha kwanza kiwe redio ya baharini, maboya ya kujiokolea na mafunzo ya kutumia mkondo wa 16, ambao ndio mkondo wa kuombea msaada duniani kote.

Kwani mawasiliano si kwa ajili ya wezi tu. Usiku wa kuamkia Septemba 10, mwaka 2011, meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Miongoni mwa waliotoka kuokoa walikuwamo wavuvi wa Nungwi, kwa vyombo vyao wenyewe. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Aliyekuwa nchi kavu alisikia. Lakini mvuvi aliyekwishapita mahali ambapo mawimbi ya simu hufika angesikia kwa njia gani, kama hakuwa na redio?

Basi wajibu una pande mbili. Dar es Salaam kipo kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji baharini, na Zanzibar ipo KMKM yenye mabaharia hodari. Viongozi wahakikishe kwamba vituo hivi na kituo cha kufuatilia meli za uvuvi vinazungumza. Kwamba usiku wa manane yupo mtu mbele ya redio, si redio peke yake. Kwamba chombo cha kuokolea kina mafuta kabla ya mwito, si baada yake. Masheha na kamati za wavuvi wapewe nafasi ya kuuliza, kila msimu, miito mingapi ilipokelewa na mingapi iliitikiwa, na wajibiwe kwa hesabu.

Meli isiyotaka kuonekana isipewe ruhusa ya kuvua katika bahari yetu. Hilo lisiwe na mjadala. Na mvuvi wa Kisiwani anayekubali kuonekana apewe hakika moja tu ya kumtosha: kwamba siku mashine yake itakapozimika kwenye mkondo, na kusi imekaza, yule anayemwona atakuja.