Betri ya Karatasi: Yadumu Muda Gani?

Juma hili tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichomo karibu katika kila nyumba, nacho ni betri.

Nendeni mwaloni asubuhi, wavuvi wakiisha kupakua dagaa. Mtaona betri kuukuu zimelala mchangani pamoja na vipande vya nyavu. Zamani dagaa walivutwa kwa mwanga wa karabai. Siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za betri na za sola. Ni maendeleo, wala hatuyakatai. Lakini mafuta ya taa yaliwaka yakaisha. Betri huisha nguvu, mwili wake ukabaki.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa Julai 2022 wataalamu wa maabara ya Empa, nchini Uswisi, walitoa habari ya betri ya karatasi. Bwana Gustav Nyström na wenzake walichukua karatasi, wakaitia chumvi ya kawaida, wakaikausha. Upande mmoja walichapa wino wenye grafiti, ile iliyomo ndani ya penseli. Upande wa pili wino wenye unga wa zinki. Ikiwa kavu, haitoi umeme. Ikidondoshewa matone mawili ya maji, chumvi huyeyuka, na kwa muda wa sekunde 20 hivi umeme huja, volti 1.2. Betri ya tochi ni volti 1.5. Karatasi ya namna hiyo iliendesha saa ndogo ya kengele.

Je, yadumu? Hapo ndipo penye neno. Baada ya saa moja karatasi ilikauka, nguvu ikapungua. Wakaongeza matone mawili, ikatumika saa moja zaidi, lakini kwa volti 0.5 tu.

Najua wengine mtacheka: "Betri ya saa moja! Mvuvi atafika wapi nayo?" Kweli, hafiki mbali. Lakini kwa nini wasiifanye idumu zaidi? Tujifunze kwa meli yetu ya Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha, ikiitwa bado Graf von Götzen, kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena. Grisi ndiyo iliyoyazuia maji yasile chuma. Fundi wa karatasi naye aweza kuipaka nta au plastiki ili idumu. Lakini kadiri anavyoikinga na maji, ndivyo anavyoichelewesha kuoza. Akiiacha wazi huoza upesi, na kazi yake huisha mapema. Hata hivyo ni karatasi tu inayooza. Zinki haiozi, ndiyo maana yafaa itiwe kidogo.

Basi tusiulize tu, "Kitu hiki chadumu?" Tuulize, "Kazi yake ni ya muda gani?" Mwakijua kipimo cha haraka cha malaria cha zahanati. Ndani yake mna utepe mwembamba kama karatasi. Hukaa miezi mingi ndani ya pakiti yake, pamoja na kitu cha kunyonya unyevu. Pakiti ikifunguliwa, hutumiwa papo hapo, majibu husomwa kwa dakika chache, kazi imekwisha. Nani amelalamika kwamba hakidumu mwaka? Kazi za namna hiyo, kama vipimo vya hospitali na alama za mizigo, ndizo ziifaazo betri ya karatasi. Kila chombo kwa wimbile.

Lakini ile betri ya mwaloni hufanya kazi kwa muda, kisha takataka yake hubaki miaka na miaka. Tena ziwa letu lina mto mmoja tu utokao, Lukuga, upande wa Kongo. Kiingiacho humu hakitoki upesi. Betri kubwa za sola nyingi zina risasi, na risasi hudhuru akili za watoto. Hata sisi tuliosomea ualimu twakumbuka tulivyopasua betri za tochi, tukapaka ubao kwa unga wake mweusi. Tuliona ni werevu, kumbe vumbi lile si la kuvuta puani.

Kwa hiyo, wazazi, tusingojee karatasi ya Uswisi. Betri iliyokwisha isitupwe ziwani wala karibu na kisima, isichomwe motoni, isipasuliwe. Wekeni debe kavu lenye kifuniko mahali watoto wasipofika. Betri kubwa irudisheni kwa aliyewauzia, mkamwulize atakakoipeleka. Nanyi mnunuapo nyingine, msiulize bei peke yake. Ulizeni itafanya kazi siku ngapi, na ikifa italala wapi.