Kiko Kiko Wapi?

Kwenye minada ya mtandaoni kuna mstari mmoja mdogo ambao wanunuzi wengi hawausomi kwa sababu hauwahusu. Uko chini kabisa, baada ya picha, baada ya bei, baada ya gharama za posta. Unataja mahali ambapo muuzaji hatumi mzigo. Mimi siku hizi huusoma kwanza, kabla hata ya kutazama picha, kwa kuwa mara nyingi nimo humo. Sitajwi kwa jina langu, wala kwa jina la Uganda ninakoishi. Natajwa kwa jina la bara zima: Afrika.

Nilikuwa natafuta kiko. Wenzangu wa mwaka wa tatu wamenicheka vya kutosha, basi niseme mapema kwamba sivuti tumbaku, sijawahi kuvuta, na sina nia ya kumshawishi yeyote avute. Tumbaku inaua, iwe imesokotwa kwenye karatasi au imeshindiliwa kwenye kiko. Kiko nilikitafuta kwa ajili ya babu, ambaye naye daktari alishamkataza moshi miaka mingi iliyopita.

Babu ni Muganda wa Masaka. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini, alikuwa utingo wa lori lililobeba bidhaa kati ya Nairobi na Arusha. Kiswahili chake alikiokota barabarani, kwenye mizani na vibandani, na mpaka leo anakizungumza vizuri kuliko baadhi yetu tunaokisomea shahada. Siku moja Arusha alinunua kiko dukani. Kwenye mrija kilichorwa tembo mdogo, na kwenye shina lake paligongwa neno KIKO. Anasema alicheka mpaka mwenye duka akamtazama vibaya. Kwake ilikuwa kama kununua kiti kilichoandikwa KITI.

Alipooa, kiko kile kilileta mchezo wa nyumbani. Kila jioni akirudi aliuliza kwa sauti, "Kiko kiko wapi?" Bibi yangu hakujua Kiswahili, na kama wazee wengi wa Buganda hakutaka kukijua, kwao ilikuwa lugha ya askari na ya wanyang'anyi. Lakini swali hilo alilijua, na jibu lake pia: "Kiko hapo." Ndicho Kiswahili chote alichokuwa nacho mpaka anakufa. Mwaka 1979 vita vilipofika Masaka mji uliharibiwa sana, na nyumba yao ilikuwa miongoni mwa zilizoanguka. Waliokoka wote. Kiko hakikuonekana tena, na babu hakununua kingine. Bibi alipofariki miaka miwili iliyopita, babu aliusimulia mchezo ule matangani, watu wakacheka na kulia kwa pamoja, nami nikaamua kukitafuta.

Nilidhani ni ndoto, kumbe vipo vingi. Kiko haikuwa kazi ya fundi mmoja wa kijijini. Ilikuwa chapa ya kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation. Huko Sinya, mpakani mwa Tanzania na Kenya, katika bonde la Amboseli, kuna jiwe laini jeupe ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari kwa wepesi wake. Likiwa kavu linaweza kuelea majini. Jiwe hilo linavumilia moto na kunyonya unyevu wa tumbaku, ndiyo maana wavutaji walilipenda. Lililosifika zaidi duniani lilitoka Eskişehir, Uturuki. La Sinya lilitumika kuchonga viko vizima, au kutandika ndani ya viko vya mti wa bria, na vingine vilivalishwa ngozi kwa nje. Viliuzwa hadi Ulaya na Marekani. Vile vyenye jina la Tanganyika ni vya zamani zaidi, kwani jina la Tanzania lilianza kutumika mwezi Oktoba 1964. Kwa hiyo mtu anayejua historia kidogo anaweza kukadiria umri wa kiko kwa kusoma shina lake.

Waliovinunua enzi hizo wengi wamezeeka au wamekufa, na watoto wao wanamwaga makabati yao mnadani. Mmoja wa wauzaji hao, kutoka Uingereza, aliandika kwamba anauza kiko cha kienyeji cha Kiafrika kilichochongwa na fundi aitwaye Kiko. Nilitamani kumwandikia kwamba basi na sahani yake ya chai ilifinyangwa na Bwana Sahani.

Sasa kuhusu mnada wenyewe. Haufanani na mnada wa ng'ombe, ambako dalali anakutazama usoni na kukuchokoza uongeze. Huku unaiambia mashine bei yako ya mwisho, nayo inakupandishia kidogo kidogo, hatua moja tu juu ya mpinzani wako. Saa ikitimia mnada unafungwa, hata kama watu wawili bado wanataka kuendelea. Ndiyo maana wajanja hukaa kimya siku saba, kisha huweka dau katika sekunde kumi za mwisho. Nilipoteza viko viwili kwa namna hiyo, kimoja nikiwa kwenye bodaboda, simu mkononi, mtandao ukisuasua Wandegeya. Sikulalamika. Nilishindwa na watu waliokuwa na haki ya kushinda kama mimi.

Ninacholalamikia ni kutoruhusiwa kuingia uwanjani. Katika miezi miwili niliona viko tisa vya chapa hii. Sita kati yake, nilipotaka kuweka dau, mtambo ulinikatalia, kwa sababu muuzaji hatumi Afrika. Wauzaji haohao walituma Australia. Walituma Japani. Msomaji afikirie jambo hili polepole. Kitu kilichotokana na jiwe la Sinya, kikauzwa Arusha na kupewa jina la Kiswahili ambalo aliyenacho hajui hata maana yake, kinaweza kusafiri mpaka Sydney bila mtu kushtuka, lakini hakiwezi kurudi Afrika Mashariki.

Najua jibu, kwa sababu nimeshapewa, tena na Mwafrika mwenzangu tunayekaa naye dawati moja. Alisema, "Hata wewe ungekuwa Mwingereza usingetuma. Vifurushi vinapotea. Watu wanalipa kwa kadi za wizi." Sitasema anasema uongo. Matapeli tunao, na barua yangu moja iliwahi kuchukua wiki saba kutoka Nairobi, safari ambayo basi hulala njiani usiku mmoja tu. Nyumba yetu haina namba; tukiagiza chakula tunamwelekeza mtu kwa mti na rangi ya geti. Lakini kuna namba za kufuatilia mizigo, kuna bima ya kifurushi, na kuna sifa ya mnunuzi inayoonekana wazi kwa kila muuzaji. Yangu haikuwa na doa. Vyombo hivyo vilibuniwa ili watu wasiofahamiana wapimane mmoja mmoja. Muuzaji anayelifungia bara lenye nchi zaidi ya hamsini hajampima yeyote. Matapeli wako Uingereza pia, lakini hakuna aliyeandika kwamba hatumi Ulaya.

Na huo woga wa kutuma Afrika mbona una macho ya kuchagua? Koti ninalovaa asubuhi za baridi nililinunua Owino. Mfukoni nilikuta tiketi ya basi ya mji wa Leeds. Koti hilo lilikuja ndani ya robota, robota ndani ya kontena, kontena ndani ya meli mpaka Mombasa, na hakuna aliyeuliza kama nina anwani. Magari yaliyotumika Japani yanauzwa kwa watu wa Kampala mtandaoni, nao hulipa maelfu ya dola kabla gari halijapakiwa. Hapo imani ipo. Afrika hutumiwa kwa tani. Inapoomba gramu hamsini, kitu kimoja ilichokichagua yenyewe kwa jina, ndipo inakuwa mbali na yenye hatari. Tunakubalika kupokea walichochoka nacho, kwa wingi na bila kuchagua, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko matangazo yote sita.

Naye mwenzangu wa dawati simwachi hivihivi. Muuzaji wa huko ana kisingizio cha kutotujua. Sisi tunaokubali mstari ule kama tunavyokubali mvua tuna kisingizio gani? Niliwaandikia wauzaji wote sita. Niliwaeleza maana ya neno kiko, nikawaambia nitalipia bima na namba ya kufuatilia, nikauliza kama wangenifungulia mlango. Wanne hawakujibu. Mmoja alijibu kwa neno moja, hapana. Wa sita, mama mmoja aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu baba yake, aliandika kwamba hakuwahi kuuweka mstari ule. Fomu ilikuwa na kisanduku kilichokwishawekewa alama, naye alikiacha hivyo. Alikiri kwamba hakuwahi kufikiria kuna mtu angeuliza. Kwa bahati mbaya kiko chake kilikuwa kimeshauzwa siku mbili kabla. Yaani mlango ulifungwa na kisanduku, na hakuna aliyebisha hodi.

Hatimaye nilifanya kama Waafrika wengi wanavyofanya. Nina shangazi anayeuguza wazee Leicester. Nilitumia anwani yake, na ghafla mtambo ukanipenda. Kiko kilikuwa cha bria, ndani kimetandikwa jiwe, shina limeandikwa Tanganyika. Nilikichunguza kwenye picha kwa siku nzima: ukingo wa bakuli haukuungua, shina halikuwa na ufa, mrija wa mpira mgumu ulikuwa umechujuka rangi na kuwa na alama za meno, jambo la kawaida kwa umri ule. Nilisubiri mpaka zikabaki sekunde nane. Nikakipata kwa pauni 17, takriban shilingi elfu themanini za Uganda.

Bei hiyo si bei yangu halisi. Shangazi, baada ya zamu ya usiku, alikwenda kukichukua posta kwa kuwa mleta barua hakumkuta nyumbani. Kisha kikakaa kwenye droo yake miezi mitatu, mpaka akapatikana msafiri aliyekuwa anakuja Entebbe na mwenye nafasi sandukuni katikati ya dawa za presha na viatu vya watoto. Kila siku Afrika inatumiwa namna hiyo, kwa migongo ya mashangazi, na katika hesabu za minada hiyo kazi yao haionekani popote. Kwenye kumbukumbu za mtandao kiko kile kiliuzwa Leicester, kwa mtu wa Leicester.

Nilikisafisha mwenyewe, kwa kitambaa kikavu na vijiti vya pamba. Kwenye intaneti wanafundisha kujaza bakuli chumvi na pombe kali ili kutoa harufu, lakini hiyo ni kwa viko vya mti mtupu. Jiwe hili likilowa linalainika, na asiyejua anaweza kukiharibu usiku mmoja. Alama za meno niliziacha.

Nilikipeleka Masaka Jumapili. Babu alikuwa ameketi barazani, redio mapajani. Nilimsalimu, nikaweka mikono nyuma, nikamuuliza, "Babu, kiko kiko wapi?" Alinitazama kwa muda. Nilipokifungua mkono hakusema neno, alikichukua, akakigeuza, akakinusa, akaliweka shina mbali na macho kama wazee wanavyosoma, akapitisha kidole gumba juu ya maandishi.

"Si changu hiki," alisema. "Changu kilikuwa na ngozi."

"Najua, babu."

Alikitia mdomoni bila tumbaku, akakitoa, akazitazama zile alama kwenye mrija.

"Mzungu huyu alikuwa anatafuna," alisema. "Umenunua shilingi ngapi?"

Nilimtajia pauni kumi na saba. Za shangazi sikuzitaja. Akaguna kwamba Arusha alilipa kidogo kuliko hapo, kisha akakiweka juu ya redio, upande ambao bibi alizoea kukaa.