Safari ya kwanza China: nauli ihesabiwe ndani ya bei ya mashine

Kila msimu, alizeti ikishavunwa na kuuzwa, wapo wakulima na wafanyabiashara wadogo wa mikoa kama Singida na Dodoma ambao huanza kuulizana habari za China. Mazungumzo huwa yale yale: mashine ya kukamua mafuta inayouzwa Dar es Salaam kwa mamilioni inapatikana huko kwa nusu ya bei, na fulani amekwenda akarudi nazo. Baada ya hapo mtu ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa nchi huanza kutafuta pasipoti.

Habari hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Bei ya kiwandani si bei ya mashine iliyofika Singida. Kati ya bei hizo mbili ipo nauli, malazi, mkalimani, meli, bandari, kodi na lori. Anayesafiri peke yake hana wa kugawana naye gharama hizo. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa msafiri mwenye mtaji mdogo si tiketi ipi ni nafuu. Swali la kwanza ni tiketi hiyo italipwa na mashine ngapi.

Chukua mfano wa hesabu rahisi. Tuseme safari nzima, kuanzia viza hadi chakula cha siku ya mwisho, inagharimu shilingi 6,000,000. Tuseme pia kwamba baada ya kulipa meli, kodi na usafiri wa ndani, kila mashine imekuwa nafuu kwa shilingi 750,000 kuliko ile ya dukani Dar es Salaam. Msafiri huyo anahitaji kununua mashine nane ili kurudisha gharama za safari tu. Faida inaanza kwenye mashine ya tisa. Aliyekwenda kununua moja amepoteza shilingi 5,250,000 kabla hajakamua hata debe moja la alizeti.

Kwa hiyo mwenye haja ya mashine moja au mbili ni bora akanunue Dar es Salaam, tena apate na fundi wa kumfungia. Safari ya peke yake ina maana pale ambapo mtu mmoja anabeba oda za wengi. Wanachama wa ushirika, kikundi cha Vicoba au wenye mashine wa tarafa moja wanaweza kuchanga na kumtuma mwenzao mmoja. Nauli ikigawanywa kwa watu kumi, kila mmoja anaimudu. Ila makubaliano yaandikwe: nani ametoa kiasi gani, anataka mashine ya aina gani, na mzigo ukichelewa au ukiharibika hasara ni ya nani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo moja halipaswi kufanywa hata kidogo, nalo ni kuweka shamba dhamana ili kupata nauli. Mashine inaweza kuulipa mkopo ulioinunua kwa sababu inazalisha. Tiketi ya ndege ikishatumika haizalishi chochote, na riba inaendelea kuhesabiwa.

Hesabu ikikubali, yafuatayo ni maandalizi. Pasipoti iwe na muda usiopungua miezi sita kabla ya kuisha. Viza ya biashara ya China huombwa kwa barua ya mwaliko kutoka kwa kampuni ya huko au waandaaji wa maonyesho, hivyo mawasiliano na viwanda yaanze mapema kabla ya kukata tiketi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe walau siku 10 kabla ya safari, kwani cheti huanza kutambuliwa baada ya siku hizo. Tangu 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, na asiwepo wa kumdanganya msafiri kwamba anatakiwa kukilipia upya kila baada ya miaka kumi.

Tarehe ya safari nayo ni fedha. Maonyesho ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, kwa awamu tatu zenye bidhaa tofauti. Mwenye kutafuta mashine ahakikishe anakwenda katika awamu ya mashine, vinginevyo atakuta nguo na vyombo vya nyumbani. Faida ya maonyesho ni kuviona viwanda vingi mahali pamoja. Hasara yake ni kwamba hoteli za mji hupandisha bei siku hizo. Anayekijua tayari kiwanda anachokitaka hana sababu ya kwenda wakati wa maonyesho. Aidha, asiende karibu na mwaka mpya wa Kichina, kati ya Januari na Februari, wala wiki ya kwanza ya Oktoba, kwa sababu viwanda hufungwa na wafanyakazi hurudi makwao.

Kuhusu ndege, njia za kawaida kutoka Dar es Salaam hupitia Addis Ababa, Nairobi, Doha au Dubai. Tiketi ya bei ya chini mara nyingi ndiyo yenye kusubiri saa nyingi njiani. Hilo si tatizo kwa mwenye subira, mradi aulize kabla kama shirika litampa mahali pa kulala na kama mzigo wake utafika moja kwa moja.

Fedha ya kununulia mashine isisafiri mfukoni. China inamtaka anayeingia na zaidi ya dola 5,000 taslimu azitangaze forodhani, na mtu anayetembea peke yake na bulungutu la noti katika mji asioujua anajitafutia balaa. Msafiri achukue taslimu ya matumizi ya siku chache, na kadi ya benki aliyohakikisha inafanya kazi nje ya nchi. Malipo mengi ya kila siku huko hufanywa kwa simu kupitia Alipay na WeChat, ambazo tangu 2023 zimerahisisha kuunganisha kadi za kigeni. Programu hizo zipakuliwe na kujaribiwa kabla ya kuondoka. Vilevile WhatsApp na Google zimefungwa katika mtandao wa kawaida wa China, hivyo familia na wachangiaji waelezwe mapema watawasiliana kwa njia gani. Wakumbuke pia kwamba China iko mbele ya Tanzania kwa saa tano: saa 2 usiku Guangzhou ni saa 9 alasiri nyumbani.

Akifika Guangzhou, eneo la Xiaobei ndilo wanalolijua Waafrika wengi. Lina hoteli za bei ya kati, migahawa ya chakula halali na mawakala wa kusafirisha mizigo. Sheria ya China inataka mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu kufika. Hoteli hufanya kazi hiyo yenyewe. Anayefikia kwa ndugu au rafiki ili kuokoa fedha ni lazima aende kituo cha polisi na mwenyeji wake, la sivyo nafuu ya malazi itaishia kwenye faini. Akabidhi nakala ya pasipoti kwa mtu anayemwamini nyumbani, na jina la hoteli liandikwe kwa Kichina kwenye kikaratasi cha kumwonyesha dereva wa teksi. Kwa safari nyingi za mjini, treni ya chini ya ardhi inatosha na ni nafuu zaidi.

Hapo ndipo madalali nao huanza kazi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayemkaribia mgeni barabarani na kujitolea kumpeleka kiwandani kwa kawaida analipwa na muuzaji, na malipo hayo yanaongezwa kwenye bei. Mkalimani alipwe na mnunuzi mwenyewe kwa siku, kwa makubaliano yaliyoandikwa, na asiwe ndugu wala mfanyakazi wa muuzaji.

Viwanda vingi vya mashine za kukamua mafuta haviko Guangzhou. Vingi viko mkoa wa Henan, hasa Zhengzhou, na treni ya mwendo kasi hutumia takriban saa sita hadi saba kufika huko. Tiketi ya treni hukatwa kwa pasipoti. Siku mbili za kwenda Zhengzhou si anasa, kwa kuwa duka la Guangzhou linaweza kuonyesha picha ya mashine tu, ilhali kiwanda kinaweza kuiwasha.

Na ni lazima iwashwe. Mnunuzi aombe kiwanda kikamue alizeti mbele yake, kwa saa nzima na si dakika tano, apime mbegu zilizoingia na mafuta yaliyotoka. Asibebe mbegu kutoka nyumbani, kwa sababu China hairuhusu kuingiza mbegu bila kibali. Kiwanda kiambiwe mapema kiziandae.

Asome kibao kilichobandikwa kwenye mota. Umeme wa China, kama wa Tanzania, ni wa mizunguko 50, na tofauti ya nguvu ni ndogo, hivyo mota nyingi hufanya kazi bila shida. Tatizo ni pale mashine inapohitaji umeme wa njia tatu, ambao mafundi huuita fezi tatu, wakati kijijini kumefika wa njia moja tu. Mashine ya namna hiyo itakaa ghalani ikisubiri laini mpya au itaongezewa gharama ya injini ya dizeli. Aliyeacha kuuliza TANESCO kabla ya safari atauliza baada ya hasara. Vipuri vinavyosagika haraka vinunuliwe hapo hapo, vya kutosha misimu miwili.

Malipo yafanywe kwa awamu kupitia benki. Kawaida ya biashara ni kulipa sehemu, mara nyingi asilimia 30, kisha kumalizia baada ya mzigo kukaguliwa. Akaunti inayopokea iwe ya kampuni iliyotajwa kwenye ankara, si ya mtu binafsi. Kabla ya kulipa salio, aulizie cheti cha ubora cha kabla ya kupakia, kinachohitajika chini ya utaratibu ambao Shirika la Viwango Tanzania, TBS, liliuanzisha 2012. Wakala wa forodha wa Dar es Salaam apigiwe simu kabla ya safari, aeleze mashine hiyo inaangukia kundi gani la ushuru. Mashine nyingi za kilimo hazitozwi ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini kodi na tozo nyingine zipo, na mota au vipuri vikifungwa peke yake vinaweza kuhesabiwa tofauti.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi hakuna haja ya kusafiri, kwani kila kitu kinaagizwa kwa simu. Kwa aliyekwisha kukijua kiwanda, hilo ni kweli, na ndiyo sababu safari ya kwanza iwe pia ya kujenga uhusiano utakaoifanya safari ya pili isihitajike. Kwa asiyekijua, picha ya simu haina sauti ya mota inayokwama wala harufu ya mafuta yaliyoungua.

Meli itachukua mwezi mmoja au zaidi, na bandarini siku nyingine zitapita. Msafiri apange mashine zifike kabla ya mavuno, si baada yake, kwa sababu mashine iliyokosa msimu mmoja imeongeza mwaka mzima kwenye bei yake. Akirudi, kabla ya kupumzika, aketi na wenzake waliochanga, afungue daftari na kuwaonyesha kila risiti. Kikundi kikishaona shilingi yake ilikopita, mwakani kitamtuma tena mtu, au kitaagiza kwa simu kwa kiwanda kile kile bila kulipa nauli ya mtu yeyote.