Dakika 52 za Uongo Kati ya Kisumu na Mombasa

Jamani, wenzangu tunaoandika programu, tuache kuwadanganya wasafiri. Ukiuliza mtandaoni ndege huchukua muda gani kutoka Kisumu (KIS) hadi Mombasa (MBA), utakutana na kurasa za kujibu haraka haraka: kilomita kama 695, dakika 52. Kilomita ni sawa. Dakika ni uongo mtupu.

Hebu tuifungue hesabu yenyewe. Unachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, unazitia kwenye fomula ya haversaini pamoja na nusukipenyo cha dunia, kilomita 6,371, na unapata umbali mfupi kabisa juu ya tufe. Ni mistari kumi hivi ya msimbo. (Wapo watakaonijia juu kwamba dunia si tufe kamili. Najua. Tofauti haifiki asilimia moja, tusipoteze muda hapo.) Kisha fundi anagawanya kwa 800, mwendo wa jeti iliyokwisha kupaa, na matokeo anayaita "muda wa safari". Wenye haya kidogo huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Lakini nani kakwambia ni jeti? Dash 8-400, ndege ya pangaboi iliyozoeleka katika safari zetu za ndani, huenda kama kilomita 650 kwa saa. ATR 72 huenda kama 500.

Hata hivyo mwendo si ugonjwa mkubwa. Ugonjwa ni kubadilisha ndege. Usipopata ndege ya moja kwa moja, unapitia Nairobi. Sasa angalia ramani: JKIA iko karibu na mstari huo huo! Kisumu hadi JKIA ni kilomita 280, JKIA hadi Mombasa 422, jumla 702. Umeongeza kilomita 7 tu, na siku yako imeliwa. Kwa hiyo gawanya umbali kwa namba yoyote uipendayo, muda hutaupata. Muda unakaa kwenye ratiba.

Binamu yangu aliitwa mahojiano ya kazi Mombasa. Aliona dakika zake 52 kwenye ukurasa mmoja ambao siutaji, akakubali saa 8 mchana siku hiyo hiyo ya kusafiri. Alipokwenda kukata tiketi, ya moja kwa moja hakuna. Ndege ya kwanza ikamshusha Wilson saa 4 asubuhi, ya pili ilikuwa inaondoka JKIA saa 6. Mnaijua Barabara ya Mombasa na msongamano wake. Ikamwacha. Alifika Mombasa saa 10 jioni, waliomwita wameshakwenda zao. Angeambiwa ukweli, angelala Mombasa usiku uliotangulia. Na hiyo Wilson hadi JKIA, kwa hesabu ya mafundi wetu? Kilomita 12 na nusu, dakika moja!

Mbona kurasa hizi ni nyingi hivyo? Kwa sababu hakuna binadamu aliyeziandika. Orodha ya viwanja 100 inatoa jozi 4,950, na skripti moja inazimwaga zote usiku mmoja, kila ukurasa na matangazo yake. Kama kuna ndege kati ya viwanja hivyo au hakuna, skripti haiulizi.

Njia ya kufanya kazi hii vizuri si siri. Dijkstra alichapisha algoriti yake ya njia fupi mwaka 1959. Badala ya kilomita, mpe saa: kila ndege na saa yake ya kuondoka na ya kufika, kila kiwanja na muda wa chini wa kubadilisha ndege, na Wilson na JKIA ziwe viwanja viwili vyenye teksi katikati. Ni kazi, ndiyo. Ratiba hubadilika, na kuzifuatilia kunachosha.

Basi kama huna ratiba, andika kilomita 695, na pale penye muda andika "angalia ratiba". Ni maneno mawili.