Tumefaulishwa Bila Kuulizwa

Anayesafiri kwa basi kati ya Dar es Salaam na Mbeya anaijua kero ya kufaulishwa. Umekata tiketi, umechagua basi lako na kiti chako cha dirishani. Mkifika Makambako konda anasema, "Haya jamani, shukeni, mtaingia lile pale." Kiti huna tena na mzigo wako hujui uko wapi. Ukifungua mdomo unajibiwa: "Kwani hutafika?"

Ndugu msomaji, mchezo huo umeingia kwenye kompyuta zetu, tena umepitia mlango tuliouamini kuliko yote: mlango wa programu huria.

Kwa asiyezijua habari hizi, nieleze kidogo. Mashine anayoandikia kijana wa kwetu mara nyingi ni ya mtumba: RAM haba, betri imekufa, inaishi kwa waya. Windows mpya inaielemea. Ndiyo maana wapo waandishi wanaokimbilia Linux, na hasa Ubuntu. Leseni hailipiwi. LibreOffice inaandika hadithi, Scribus inapanga kurasa za jarida. Ukitaka programu nyingine, kuna amri iitwayo apt. Unaitajia jina, inakwenda ghalani kukuletea pakeji.

Uzuri wa apt ni ubahili wake. Pakeji zake zinachangia vifaa kama wapangaji wa nyumba moja wanavyochangia kisima. Kilichokwisha kuletwa hakiletwi tena. Hata pale inapojisasisha yenyewe kwa ajili ya usalama, mwenye mashine anaweza kuizima. Kwa mtu anayenunua bando la siku, ubahili huo ni utu.

Sasa tazama. Oktoba 2019 likatoka toleo la Ubuntu 19.10. Ukiandika amri ya apt kuomba kivinjari cha Chromium, apt inaitikia vizuri kabisa, kisha inakuletea kitu kingine: snap. Uliomba pakeji ya aina moja, ukapewa ya aina nyingine, kwa amri ile ile. Kama huko siyo kufaulishwa, ni nini? Aprili 2022, katika toleo la 22.04, ikawa zamu ya Firefox.

Snap ni mgeni anayekuja na godoro lake, jiko lake na ndoo yake ya maji. Mara ya kwanza anapoingia, yeye na mizigo yake wanakula mamia ya MB. Akishakaa, anachungulia dukani mara nne kwa siku kutafuta toleo jipya, na akilikuta analivuta mwenyewe. Duka lenyewe ni moja tu, mali ya Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, na programu inayoliendesha siyo huria. Na mpaka Novemba 2022 hapakuwa na amri ya kumwambia mgeni huyu "usisasishe mpaka nitakapokuambia." Uliweza kumwahirisha kwa siku 60, basi.

Wapo watakaonirukia. Watasema snap inaifungia programu chumbani kwake isichokonoe mafaili ya wengine. Kweli. Watasema kivinjari kisichosasishwa ni hatari. Kweli tena. Watasema mtengenezaji anafunga pakeji mara moja tu badala ya kuifunga upya kwa kila toleo. Hilo nalo silikatai. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza kwa nini amri ya apt ilete kitu ambacho siyo cha apt. Dawa nzuri haihalalishi kumtilia mgonjwa kwenye chai.

Na lile jibu la mwisho, wanalolipenda zaidi: "Kwani umelipa shilingi ngapi? Ni bure, nyamaza." La hasha! Programu tumepewa bure, lakini bando hatupewi bure. Kila MB inayovutwa usiku kijana akiwa amelala pale Mwanjelwa au Kihesa imelipiwa naye, siyo na Canonical. Mpaji akikupa ng'ombe bure, hapati haki ya kuja kila siku kulisha shamba lako la mahindi.

Tusijifanye hatujui uzito wa jambo hili. Aprili 2021, vifurushi vipya vya simu vilipoanza kutumika nchini, wananchi walipiga kelele hata serikali ikavisitisha mara moja. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Nchi yenye kumbukumbu kama hizo haiwezi kukubali kirahisi programu inayodhani mtandao ni hewa, kwamba upo siku zote na hauishi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hawa siyo watu wasiotujua. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kibantu ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulielewa: ni utu. Miaka ile walikuwa wakituma CD za mfumo wao kwa posta, bure, kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Huduma hiyo waliifunga mwaka 2011. Aliyebuni mpango ule alijua yupo mtu mwenye kompyuta asiye na intaneti ya maana. Mtu yule hajatoweka. Waliosahau ni wao.

Lakini ndugu zangu, ningeishia hapa ningekuwa mlalamishi tu, na walalamishi tunao wa kutosha. Hebu tuangalie ni nani alipiga kelele na alipata nini.

Wenzetu wa Linux Mint, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu, walisema wazi mwaka 2020 kwamba hawaukubali utaratibu huo, na katika toleo lao la 20 wakaizuia apt isiilete snap kwa mlango wa nyuma. Watumiaji walilalamika kwamba Firefox ya snap inachelewa kufunguka. Canonical wakakiri na kuifanyia kazi. Walilalamika juu ya masasisho ya lazima. Novemba 2022 ikapatikana amri ya kuyasimamisha moja kwa moja. Na Januari 2024, ilipotoka Firefox 122, Mozilla wenyewe wakaanza kuitoa kama pakeji ya apt kutoka ghala lao. Haya yalifuata baada ya watu kuandika, kubishana na kurudia, mpaka ikachosha kuwapuuza.

Katika kelele zile, sauti yetu ilikuwa wapi? Vijiweni! Tunanung'unika Mbeya, tunanung'unika Iringa, halafu tunakwenda kununua bando jingine. Kero isiyoandikwa haihesabiwi. Mtu aliye London hawezi kujua kwamba mahali fulani kuna mashine yenye RAM ya 2 GB inayotegemea mtandao wa simu, kama mwenye mashine hajasema. Nasi tunajiita waandishi!

Mwaka 2004, mwaka ule ule Ubuntu ilipozaliwa, mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazosema Kiswahili. Kwa hiyo hatukuzaliwa kuwa abiria tu. Tulishawahi kushika usukani.

Ninayotaka ni matatu. Kwanza, ujue kilicho ndani ya mashine yako. Andika "snap list" uone wageni wako. Andika "sudo snap refresh --hold" uwasimamishe, ukikumbuka kusasisha kivinjari siku ukiwa na bando. Ukichoka kabisa, Debian na Mint zipo. Pili, vijana wanaosoma kompyuta pale MUST Mbeya na Chuo Kikuu cha Iringa watafute namna ya kutunza ghala la pakeji hapa hapa mjini, kitu kipakuliwe mara moja kitumike na mia. Tatu, tuandike. Tupeleke kero zetu kwa watengenezaji, kwa Kiingereza cha kuombea maji kama ndicho tulicho nacho, na tuwaeleze wenzetu kwa Kiswahili safi kinachotokea.

Programu huria haikuitwa huria kwa sababu ya bei. Iliitwa hivyo kwa sababu mwenye mashine ndiye mwenye kauli. Asiyeitumia kauli hiyo asishangae mwingine akisema kwa niaba yake.