Leteni Droni Mwariki

Tuache kudanganyana kwamba droni inajua kutafuta. Droni inatafuta kile ulichoiambia itafute, basi.

Nikiwa chuo, kabla karo haijanishinda, kuna swali moja la roboti lilinikaa kichwani. Lynne Parker, Mmarekani, alilichambua miaka ya 1990: una roboti chache na vitu vingi vinavyotembea. Roboti ikishaona kimoja, ikifuate ama iendelee kutafuta vile haijaona? Ukifuata kimoja, vingine vinakupotea. Ukiendelea kutafuta, hicho cha kwanza nacho kinakuchenga. Lazima mtu aamue nani anastahili kufuatwa.

Sasa njoo Nakuru. Ndani ya ua wa mbuga kuna vifaru, wengi wamekatwa alama masikioni ili wajulikane mmoja mmoja. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilipata vifaru 1,739 nchi nzima, pamoja na wale wawili wa mwisho weupe wa kaskazini kule Ol Pejeta, Laikipia. Hao Ol Pejeta walianza kujaribu droni ya kulinda vifaru tangu 2013, serikali ikapiga breki mwaka uliofuata. Kanuni za droni zikaja 2020. Mimi sina ubaya na kifaru, bana. Afuatwe tu.

Lakini nje ya ua ni Mwariki. Ziwa Nakuru lilikuwa na kilomita za mraba kama 40 mwaka 2010. Kufikia 2020 zilikuwa 68. Maji yalimeza ua, yakaingia hadi sebuleni. Ripoti ya serikali ya 2021 ilisema kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa kuliathiri watu karibu 380,000. Ona hiyo "karibu". Kifaru hana karibu.

Jirani yetu muuza mandazi alihamia Rhonda, kisha Kaptembwo, sasa simu yake haiingii. Nilienda ofisi moja kuuliza kama jina lake liko kwa orodha. Karani akaniuliza nambari ya ploti. Alikuwa mpangaji, nikamwambia. Akafunga faili.

Najua mtasema kufuatilia watu ni upelelezi. Sisemi afungwe chipu. Nasema droni irushwe ukingoni mwa maji kila msimu, ihesabu mapaa yaliyobaki kabla ziwa halijafika, halafu mtu ashuke na daftari, abishe kila mlango, aandike waliolala humo. Wapangaji pia. Mimi mwenyewe nina deni lake la mandazi, shilingi hamsini, na sijui nimpelekee wapi.